Uzi: Kwa nini bradikinini yenye chaji mbili inapoteza protoni kwa kasi mbili tofauti?

#1 Ayoni_Mgeni
Habari za leo wadau wa kemia. Ninatumia spektromita ya tungamo ya aina ya mtego wa ayoni. Mmumunyo wa bradikinini, peptidi ndogo ya asidi amino tisa, unanyunyizwa kwa elektrosprei (mbinu ya kugeuza molekuli za mmumunyo kuwa ayoni za gesi), kisha ndani ya mtego ninabakiza zile ayoni zenye protoni mbili za ziada peke yake, ambazo huonekana kwenye uwiano wa tungamo kwa chaji wa 530.8. Baada ya hapo ninaziacha zigongane na mvuke wa trietilamini, besi ya jamii ya amini, ulioingizwa kwa kiasi kidogo sana. Amini hiyo hunyang'anya protoni moja, na bradikinini iliyobaki na chaji moja hutokea kwenye 1060.6.

Molekuli za amini ni nyingi mno kuliko ayoni, kwa hiyo logi ya idadi ya ayoni zilizosalia, ikichorwa dhidi ya muda, ingepaswa kutoa mstari mmoja ulionyooka. Mstari wangu haunyooki. Unaanza na mteremko mkali, unapinda, kisha unaendelea kwa mteremko ulio mdogo zaidi. Kwa maoni yangu hii inathibitisha kwamba bradikinini yenye chaji mbili ina maumbo mawili katika hali ya gesi, moja likiwa limejikunja na lingine limenyooka, na kila moja lina kasi yake ya kutoa protoni. Je, kuna mwenye hoja ya kupinga?

#2 BintiSpektra
Karibu sana. Mimi ninapinga neno "inathibitisha". Kabla hujafika kwenye maumbo, hakikisha kwamba kilele cha 530.8 ni kitu kimoja. Molekuli mbili za bradikinini zilizoshikamana zikiwa na protoni nne zitatokea mahali palepale kabisa, kwa sababu tungamo limekuwa maradufu na chaji imekuwa maradufu. Kinachozitofautisha ni nafasi kati ya vilele vya isotopu: ayoni yenye chaji mbili huwa na nafasi ya 0.5, na yenye chaji nne huwa na nafasi ya 0.25. Mtego wa ayoni unaopima kwa mwendo wa kawaida hauwezi kutenganisha 0.25, kwa hiyo dimeri, yaani molekuli hizo mbili zilizoshikamana, inaweza kujificha humo bila wewe kuiona.

Njia rahisi ya kuanzia ni kupunguza ukolezi wa mmumunyo mara kumi na kurudia kipimo. Dimeri hupungua haraka kuliko molekuli moja moja, hivyo kama sehemu ya polepole itapungua kwa uwiano, utakuwa umepata jibu ambalo halihusiani na umbo hata kidogo.

#3 Fundi Ombwe
Naungana na dada wa #2 kuhusu tahadhari, ila mimi naelekea upande wa vali. Ndugu Ayoni_Mgeni hakutueleza kama amini inaingia mfululizo kupitia vali ya kupenyezea au kwa mpigo mmoja mfupi. Ikiwa ni mpigo, shinikizo huwa juu mwanzoni na kushuka kadiri pampu inavyovuta, na mmenyuko utaenda kasi mwanzoni na kulegea baadaye. Mstari utapinda vilevile ulivyoeleza, hata kama ayoni zote zina umbo moja.

Jambo la pili ni kwamba trietilamini hunata kwenye kuta za chuma. Katika maabara moja niliyowahi kuhudumia, mtu aliitumia kwenye mfumo wa kromatografia, na kwa muda mrefu baada ya kuiondoa kila spektra ya ayoni chanya iliendelea kuonyesha kilele kikubwa kwenye 102, ambacho ni trietilamini iliyokwisha kupata protoni. Tulioka chombo, tukasafisha mirija, na bado ilikuwa inatoka kidogo kidogo. Kwa hiyo hata ukifunga vali usidhani kwamba amini imekwisha, na hata ukiifungua usidhani kwamba shinikizo limetulia papo hapo.

#4 Ayoni_Mgeni
Nashukuru. Vali ni ya kupenyezea, hufunguliwa mapema na kuachwa wazi hadi geji itulie ndipo vipimo vianze. Kuhusu dimeri, nitapunguza ukolezi na kuleta matokeo hapa.

Kilele cha 102 sikioni, lakini ni kwa sababu mtego wangu, kwa mipangilio ninayotumia, haushiki ayoni zilizo chini ya 150.

#5 Msomaji Kimya
Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza na ninaomba nieleweshwe jambo moja kabla hamjaendelea. Bradikinini ina arginini mbili, moja kila ncha. Tumefundishwa kwamba arginini ni besi kali kuliko asidi amino nyingine zote zinazojenga protini. Iweje basi trietilamini ifaulu kuinyang'anya protoni?

#6 Mwalimu Besi
Swali zuri sana, na kwa kweli ndilo lililopaswa kuwa la kwanza.

Tuanze na takwimu. Uwezo wa molekuli kuvuta protoni katika hali ya gesi hupimwa kwa kilojuli kwa moli. Maji yana 691, amonia 853.6, metilamini 899, dimetilamini 929.5, trimetilamini 948.9 na trietilamini 981.8. Glisini ina takriban 886, lisini takriban 996 na arginini takriban 1051. Angalieni jinsi amini zinavyopanda kwa mpangilio kila zinapoongezewa kaboni. Ndani ya maji mpangilio huo huvurugika, trimetilamini huwa besi dhaifu kuliko dimetilamini, kwa sababu maji huizunguka ayoni na kuituliza, na ayoni yenye matawi mengi haiachi nafasi ya kutosha kwa maji kuikaribia. Ndani ya ombwe hakuna maji, na kila molekuli hubaki na nguvu zake yenyewe. Ndiyo maana watu wanajisumbua kuchunguza peptidi katika hali ya gesi.

Kwa takwimu hizo peke yake, trietilamini haiwezi kuishinda arginini, kwani inapungukiwa na kama kilojuli 70. Lakini ayoni tunayoizungumzia ina chaji mbili chanya, na chaji zinazofanana husukumana. Chaji mbili zilizo umbali wa nanomita 1 ndani ya ombwe zina nishati ya kusukumana ya takriban kilojuli 139 kwa moli. Nishati hiyo hupunguza ung'ang'anizi wa peptidi juu ya protoni yake ya pili. Toa 139 kwenye 1051 na utaona kwamba trietilamini sasa imepita mbele, ingawa hesabu kamili lazima pia iongeze vifungo vya hidrojeni ambavyo peptidi hujifunga yenyewe inapojikunja kuizunguka chaji, na vifungo hivyo huvuta upande wa pili.

Ukiondoa protoni ya kwanza, msukumano unakwisha. Bradikinini yenye chaji moja haitaipa trietilamini protoni yake ya mwisho hata ikisubiri sana.

#7 Msomaji Kimya
Shikamoo Mwalimu, nimeelewa. Kwa hiyo umbali kati ya arginini hizo mbili ndio unaoamua kasi?

#8 Mwalimu Besi
Marahaba. Ni sehemu kubwa ya uamuzi, lakini hapo ndipo ninapotofautiana na mwenye uzi. Yeye anachukulia kwamba protoni inayoondoka inatoka kwenye arginini. Bradikinini pia ina kundi la kaboksili kwenye ncha ya C. Inawezekana kabisa kwamba protoni inayochukuliwa ni ya kaboksili, na kinachobaki ni peptidi yenye arginini mbili zilizobeba protoni pamoja na kaboksili yenye chaji hasi iliyobanwa kati yao. Hilo ndilo daraja la chumvi. Mwaka 1996 kundi la Evan Williams kule Berkeley lilitumia mionzi ya infraredi inayotoka kwenye kuta zilizopashwa moto kuvunja bradikinini yenye chaji moja, na likatoa hoja kwamba ayoni hiyo ina daraja la chumvi hata ndani ya ombwe.

Kama ni hivyo, kasi mbili zinaweza kuwa njia mbili za kutoka. Ayoni ambazo kaboksili yake iko karibu na arginini hutoa protoni haraka kwa sababu zao lake linatulia mara moja, na zile ambazo kaboksili yake iko mbali hulazimika kutoa protoni ya arginini yenyewe.

Kipimo chake si kigumu: zuia kaboksili kwa kuigeuza kuwa esta ya metili. Mstari ukinyooka, daraja la chumvi lina mkono humo.

#9 Kokotoa
Mwalimu, hoja yako ni tamu lakini bado ni maumbo mawili, ila umeyapa majina mengine. "Kaboksili iliyo karibu" na "kaboksili iliyo mbali" ni maumbo.

Nirudi kwa Fundi wa #3 na nifanye hesabu ambayo haijafanywa bado. Tuseme shinikizo la trietilamini ndani ya mtego ni tori 10⁻⁶ (tori ni kipimo cha shinikizo). Kwa joto la chumba hiyo ni takriban molekuli 3.2 × 10¹⁰ katika kila sentimita moja ya ujazo. Ikiwa kila mgongano unafanikiwa, kasi ni kama 10⁻⁹ katika vipimo vya sentimita za ujazo kwa sekunde, au hata maradufu yake kwa kuwa ayoni yenye chaji mbili huvuta molekuli kutoka mbali zaidi. Zidisha, na utapata kwamba nusu ya ayoni zinapaswa kutoweka ndani ya milisekunde 20 hivi. Mtego hushika ayoni laki chache au milioni kadhaa tu, na amini inaendelea kuingia, kwa hiyo nadharia kwamba amini inaisha njiani haina mashiko.

Ndugu Ayoni_Mgeni, nusu ya maisha ya ayoni zako kwenye mteremko wa kwanza ni kiasi gani? Kama ni karibu na hiyo, mmenyuko wako wa kwanza unaenda kwa kasi ya juu kabisa inayowezekana, na cha kueleza ni ule wa pili tu. Kama ni ndefu mara mia, basi yote miwili inazuiwa na kitu.

#10 Fundi Ombwe
Hesabu ni nzuri, ila imejengwa juu ya namba ya geji. Geji ya katodi ya moto imesawazishwa kwa nitrojeni. Molekuli kubwa yenye kaboni nyingi kama trietilamini hutoa ayoni nyingi zaidi ndani ya geji, na shinikizo husomeka kuwa kubwa mara kadhaa kuliko lilivyo. Tena geji haimo ndani ya mtego, iko kwenye ukuta wa chemba. Mtu asilinganishe kasi yake na ya maabara nyingine kabla ya kusawazisha geji kwa mmenyuko ambao kasi yake inajulikana. Kupinda kwa mstari, hata hivyo, hakuathiriwi na kosa hilo, kwa sababu kosa ni lilelile mwanzo hadi mwisho. Hapo nakubaliana na Kokotoa.

#11 Pumzi
Naomba kuingia. Sisi tunatumia uhamisho wa protoni kila siku kupima harufu za chakula na pumzi za wagonjwa, na hatujawahi kuona mistari inayopinda. Ayoni za maji, H₃O⁺, huwapa protoni asetoni, ethanoli na mengineyo, na kasi hutoka safi. Labda tatizo ni chombo tu. Isitoshe, si ndiyo kazi iliyompa John Fenn Tuzo ya Nobel peke yake mwaka 2002?

#12 Mzee wa Maabara
Karibu Pumzi, ila tuweke mambo sawa. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2002 iligawanywa: nusu kwa John Fenn na Koichi Tanaka kwa mbinu za kugeuza molekuli kubwa za kibiolojia kuwa ayoni, na nusu nyingine kwa Kurt Wüthrich kwa kazi yake ya rezonansi ya sumaku ya kiini. Fenn alituzwa kwa elektrosprei. Mbinu yenu ya pumzi ni tawi lingine lililokuzwa Innsbruck, Austria, katika miaka ya 1990, na ndani yake protoni husafiri kinyume na hapa: ayoni ndogo huipa molekuli isiyo na chaji. Maji yana 691 na asetoni ina zaidi ya 800, kwa hiyo karibu kila mgongano hufaulu, tena molekuli hizo ni ndogo na hazina la kujikunja. Mistari yenu kunyooka hakutuambii lolote kuhusu peptidi ya asidi amino tisa.

Kazi inayohusu uzi huu ilianza kupata sura mwaka 1990 kwenye Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, Tennessee. Scott McLuckey, Gary Van Berkel na Gary Glish waliingiza dimetilamini ndani ya mtego wenye ayoni za sitokromu c, protini ya asidi amino 104, na wakaona chaji zikishuka moja baada ya nyingine. Kadiri chaji zilivyokuwa nyingi ndivyo protoni zilivyotoka haraka, jambo linaloafikiana na msukumano aliousema Mwalimu kwenye #6. Wakati huo elektrosprei ilikuwa bado changa, na wengi wetu tulikuwa tunashangaa kwanza kwamba protini inaweza kuruka ikiwa nzima.

#13 Pumzi
Asante Mzee. Bado nasimama kwenye hoja ya chombo, kwa sababu hakuna kipimo cha udhibiti kilichotajwa hadi sasa.

#14 BintiSpektra
Na hapo Pumzi ana haki, pamoja na kwamba amefika hapo kwa njia ya mzunguko. Ninapendekeza gramisidini S. Ni peptidi ya duara yenye asidi amino kumi, iliyogunduliwa Moscow mwaka 1942 na Gause na Brazhnikova. Kwa kuwa ni duara, haina ncha ya amino wala ya kaboksili, na sehemu zake pekee zenye ubesi mkubwa ni asidi amino mbili za onithini. Umbo lake ni gumu, haliyumbi ovyo, na umbali kati ya onithini hizo unajulikana kuwa karibu nanomita 1. Ni kwa sababu hiyo Gross na Williams waliitumia mwaka 1995 kupima msukumano wa chaji ndani ya peptidi. Waliiweka pamoja na besi mbalimbali, wakatafuta ni ipi inaanza kuchukua protoni, na wakapata kwamba kipimo cha dielektriki ndani ya ayoni hiyo kinakaribia 1, yaani mwili wa peptidi hauzuii sana chaji zisihisiane.

Iweke kwenye mtego wako kwa mipangilio ileile, kwenye 571.4. Haina kaboksili, kwa hiyo daraja la chumvi la Mwalimu halipo. Haina maumbo mengi, kwa hiyo nadharia yako haipo. Mstari wake ukipinda, ni chombo au dimeri. Ukinyooka, tutarudi kwenye bradikinini kwa moyo mweupe.

#15 Kokotoa
Pendekezo la #14 ni bora kuliko yote hadi sasa, lakini lina mwanya. Gramisidini S ikinyooka, itakuwa imesafisha vali na geji, ila haitakuwa imesafisha dimeri ya bradikinini, maana kila peptidi hushikamana kwa tabia yake.

Nina hoja nyingine ambayo naona imerukwa. Hata kama maumbo mawili yapo, hayatoshi kuleta miteremko miwili. Kama ayoni zinabadilika kutoka umbo moja hadi lingine haraka kuliko zinavyomenyuka, utaona mstari mmoja wenye kasi ya wastani. Ili mstari upinde, ubadilikaji lazima uwe wa polepole kuliko mmenyuko. Ni nini ndani ya bradikinini kinachobadilika polepole hivyo? Jibu langu ni prolini. Ziko tatu, kwenye nafasi ya 2, ya 3 na ya 7. Kifungo kinachotangulia prolini kinaweza kukaa kwa namna mbili, zinazoitwa "sisi" (cis) na "transi" (trans), na kuhama kutoka moja hadi nyingine huchukua muda mrefu hata ndani ya maji. Kundi la David Clemmer kule Indiana, kwa kutumia mbinu ya mwendo wa ayoni ndani ya gesi, lilionyesha kwamba bradikinini ina makundi kadhaa ya maumbo yanayotokana na prolini hizo, na makundi hayo yanarithiwa kutoka kwenye mmumunyo.

Kwa maneno mengine, huenda ayoni zinaingia ndani ya mtego zikiwa tayari zimegawanyika. Nunua bradikinini ambayo prolini moja imebadilishwa kuwa alanini, uone.

#16 Mwalimu Besi
Kokotoa sasa anamtuma mwenzetu dukani wakati chupa ya asidi na methanoli ya kutengenezea esta ipo kabatini. Lakini hoja ya muda wa ubadilikaji ni sahihi na inagusa nadharia yangu pia: kaboksili inaweza kusogea karibu na arginini kwa haraka sana, na kama ni hivyo njia zangu mbili zingeungana kuwa mstari mmoja. Isipokuwa, narudia, isipokuwa prolini ya nafasi ya 7 ndiyo inayoizuia ncha ya C isifike kwenye arginini ya kwanza. Basi nadharia zetu mbili zinaweza kuwa zinahitajiana.

Naongeza tahadhari kuhusu namna ya kusoma kasi. Protoni ikishahama, mbele yetu kuna ayoni mbili chanya, bradikinini na trietilamini, zinazosukumana. Kwa hiyo njiani kuna kilima cha nishati ambacho hakipo kwenye mmenyuko wa ayoni yenye chaji moja. Ndiyo maana watafiti huzungumzia ubesi "dhahiri" wa ayoni zenye chaji nyingi. Kasi ndogo haimaanishi moja kwa moja kwamba umbo hilo lina ubesi mkubwa. Huenda kilima chake ndicho kirefu.

#17 Fundi Ombwe
Na joto? Mnazungumza kana kwamba ayoni zote ziko kwenye joto la chumba. Wakati wa kuzitenga ayoni za 530.8 na kuzitupa nyingine, mtego huzitikisa, na baadhi hupata nishati ya ziada. Heliamu huzipoza kwa migongano, lakini inahitaji muda. Kama mmenyuko unaanza mara tu baada ya kutenga, mteremko wa kwanza unaweza kuwa wa ayoni zilizo moto na wa pili wa zilizokwisha kupoa. Weka kusubiri kati ya kutenga na kuanza kuhesabu. Tatizo ni kwamba vali yako iko wazi muda wote, kwa hiyo unaposubiri zipoe, mmenyuko unaendelea. Utalazimika kuanza hesabu katikati.

Vilevile tazama 581.3. Bradikinini yenye chaji mbili ikishikwa na trietilamini bila kuachia protoni itatokea hapo. Zao hilo likitengana tena na kurudi kuwa 530.8, utaona ayoni ambazo zinaonekana kana kwamba zinamenyuka polepole, ilhali zilikuwa zimefichwa tu.

#18 Mnyororo
Nimefuatilia kwa furaha. Kwetu sisi wa protini nzima mnalolihangaikia ni la kila siku. Hatutumii tena amini ya gesi, tunatumia ayoni hasi. Ayoni chanya na ayoni hasi huvutana kutoka mbali, kasi hupanda kwa mraba wa chaji, na nishati inayotolewa ni kubwa kiasi kwamba tofauti ndogo za ubesi kati ya umbo na umbo hazionekani. Kwetu hilo ni faida: spektra iliyojaa chaji nyingi hupunguzwa hadi chaji chache, vilele vinatawanyika, na tungamo linasomeka. Kwa anayetafuta maumbo ni hasara, kwa sababu mbinu hiyo humeza kilekile anachokitafuta.

Kuhusu umbo kuathiri chaji, ushahidi ni wa zamani. Lisozimu, protini ya yai la kuku, ina madaraja manne ya disulfidi, yaani vifungo vya salfa kwa salfa. Ukiyakata, protini hulegea na elektrosprei huipa chaji nyingi zaidi kuliko ilipokuwa imefungwa. Kwa hiyo sioni ajabu kwa peptidi ndogo kuwa na kasi mbili. Ninachotilia shaka ni kwamba ziwe mbili kamili. Mstari unaopinda unaweza kuchorwa kwa kasi mbili, tatu au kwa mtawanyiko wa kasi nyingi, na vyote vitapita kwenye nukta zilezile.

#19 Ayoni_Mgeni
Wadau, nimerudi na matokeo. Baada ya kupunguza ukolezi mara kumi, sehemu ya polepole ilipungua kutoka karibu theluthi moja ya ayoni hadi karibu robo. Haikutoweka. Nimepima pia kilele cha 530.8 kwa mwendo wa polepole zaidi ili kupata mwonekano mzuri, na naona vilele vya nafasi ya 0.5 vikiwa wazi, na kati yao kuna kitu kidogo ambacho sijui kama ni 0.25 au ni kelele. Kwenye 581.3 kuna kilele kidogo ambacho sikuwahi kukitazama. Nusu ya maisha ya mteremko wa kwanza ni ndefu kuliko ile ya Kokotoa kwa zaidi ya mara kumi, kwa kufuata namba ya geji ambayo Fundi haiamini.

Gramisidini S imeagizwa. Esta nitaanza kuitengeneza wiki hii.

#20 BintiSpektra
Theluthi kuwa robo si kupungua kwa kawaida tu. Kama hakukuwa na dimeri hata kidogo, uwiano usingebadilika. Kwa maoni yangu una mchanganyiko: dimeri kidogo pamoja na kitu kingine. Punguza ukolezi mara kumi tena.

#21 Kokotoa
Mimi nayaona mabadiliko hayo kuwa madogo mno kwa dimeri. Dimeri ingepungua karibu mara kumi, si kwa kiasi hicho, kwa hiyo sehemu kubwa ya ule mteremko wa pili ni ya molekuli moja moja. Badili kiyeyushi kwanza, toka methanoli na maji uende maji zaidi. Ikiwa ni prolini, uwiano wa sehemu mbili utabadilika lakini kasi zenyewe zitabaki palepale.

#22 Fundi Ombwe
Kabla ya kiyeyushi na kabla ya esta, tenga hicho kilele cha 581.3 peke yake, ukiache ndani ya mtego, na uangalie kama 530.8 inarudi. Hilo halihitaji kununua chochote. Ukiweza, shusha pia mpaka wa chini wa mtego wakati wa kupima ili 102 ionekane, tujue kama idadi ya protoni zilizotoka inalingana na ya zilizopokelewa.